Samehe na Tuseme: Amandina Lihamba na Nafasi ya Mwigizaji katika Taaluma ya Kiswahili



1. Utangulizi

Awali ya yote, napenda kukishukuru Chuo kwa kunipa heshima ya kutoa mhadhara huu, na kukishukuru zaidi kwa kukubali kwamba usomwe hapa Nyakahanga. Mihadhara ya Kiswahili imezoea kusomwa pwani na katika miji mikubwa, kana kwamba lugha hii ikipanda vilima vya Karagwe huishiwa pumzi. Sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba sivyo. Mtoto wa Nyakahanga huanza maisha kwa Kinyambo. Akiingia darasa la kwanza hukabidhiwa Kiswahili. Akifika sekondari hukabidhiwa Kiingereza. Kila anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine hulazimika kunyamaza kwa kitambo, akijifunza upya namna ya kusimama mbele za watu na kusema. Wapo wanaovuka wakaendelea kusema. Wapo pia, na wengi wao ni wasichana, ambao kimya kile cha muda huwa ndiyo tabia yao ya kudumu.

Nimeanza na kimya kwa makusudi. Mada yangu ni maisha na kazi za Profesa Amandina Lihamba, mwigizaji, mwandishi wa tamthilia, mwongozaji na mwalimu wa sanaa za maonyesho. Katika taaluma yetu jina lake hutajwa zaidi pamoja na vitabu alivyoandika. Leo ningependa tumtazame kwanza kama mwigizaji. Nitajaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kazi yake yote, jukwaani, katika filamu na mashuleni, inaweza kusomwa kama safari moja kati ya kunyamaza na kusema. La pili ni kwamba sisi wataalamu wa fasihi ya Kiswahili hatujawa na zana za kuisoma safari hiyo, kwa sababu tumezoea kuiona tamthilia kama kitabu tu.

2. Mwigizaji na mhusika

Kama ilivyo desturi ya mihadhara hii, tuanze na maneno. Kitenzi *kuigiza* kimetokana na *kuiga*, lakini si kitu kimoja nacho. Anayeiga hufuatisha anachokiona. Anayeigiza huongezewa kiambishi, na pamoja nacho huongezewa wajibu: humfanya mtu mwingine aonekane pale ambapo hayupo. Kwa miaka mingi tulisema *mchezo wa kuigiza* na *mchezaji*, na neno *mchezo* lilimfanya msanii aonekane kama mtu asiye na kazi ya maana. Baadaye *tamthilia*, neno lenye asili ya Kiarabu na lenye maana ya kufananisha, likashika nafasi katika vitabu na madarasa.

Neno linalonivutia zaidi ni *mhusika*. Linatokana na *kuhusu* na *kuhusika*. Tunalitumia kumtaja mtu wa ndani ya hadithi, tukasahau kwamba Kiswahili cha kila siku kinalitumia vilevile kumtaja mtu ambaye jambo linamgusa. Karani akisema, “Aje mhusika mwenyewe,” hamwiti mtu wa hadithini. Anamwita mwenye shauri lake.

Nitaitumia maana hiyo ya pili kufafanua aina ya mwigizaji ninayemzungumzia. Kuna mwigizaji ambaye tunakwenda kumtazama yeye mwenyewe: sura yake, mavazi yake, jina lake kwenye bango. Huyo tunamwita nyota. Kuna mwingine ambaye akiingia jukwaani tunamwona mjane, mama mkwe, muuguzi aliyechoka, mwanamke wa sokoni. Tukitoka ukumbini tunamkumbuka mjane yule, na jina la aliyemwigiza huenda tusilikumbuke. Huyo wa pili nitamwita *mwigizaji wa uhusika*. Kazi yake ni kuhusika na mtu asiye yeye, hadi mtazamaji naye ajione anahusika.

3. Sanaa isiyohifadhiwa

Mwigizaji wa namna hiyo mimi nilimfahamu kabla sijajua neno hilo. Shangazi yangu, aliyeishi si mbali na hapa, alikuwa na migomba, mibuni michache na hadithi nyingi. Usiku, maharage yakiwa bado jikoni, alikuwa fisi, kisha sungura, kisha mke mdogo anayeonewa. Hakubadilisha sauti tu. Mabega yalishuka alipokuwa mke mdogo, na shingo ilirefuka alipokuwa mke mkubwa. Palikuwa na mahali katika hadithi moja ambapo mke mdogo anaulizwa swali na mumewe naye hajibu. Shangazi alinyamaza pale kwa muda mrefu kiasi kwamba sisi watoto tulianza kujibu kwa niaba yake.

Shangazi amekwisha kufariki. Hakuna kanda wala daftari lililohifadhi hata hadithi yake moja. Nimebaki na kile kimya chake tu, na hicho nacho nikiondoka mimi kitaondoka.

Linganisheni hali hiyo na ile ya watambaji wa enanga katika mkoa wetu wa Kagera. Tendi zao, zinazoimbwa kwa kufuatana na ala hiyo ya nyuzi, zimekusanywa na kuchambuliwa kitaaluma. Profesa M. M. Mulokozi alizifanya kuwa kiini cha tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa kazi hiyo akachangia kuthibitisha kwamba Afrika ina tendi zake. Tunajivunia kazi hiyo. Lakini mtambaji wa enanga kwa kawaida alikuwa mwanamume, na alitamba mbele ya wakubwa na katika vikao vya watu. Mwanamke aliigiza jikoni. Aliyetamba barazani alipata mtafiti. Wa jikoni alipata watoto wenye usingizi. Hii ndiyo sababu historia ya mwigizaji mwanamke katika lugha zetu ni ngumu kuandika, na ndiyo sababu tunapompata mmoja ambaye kazi yake imeacha alama katika vitabu, filamu na taasisi, hatuna budi kumsoma kwa makini.

4. Maisha na kazi

Amandina Lihamba alizaliwa mwaka 1944 katika eneo la Morogoro. Kizazi chake kilifikia utu uzima wakati nchi nayo ilikuwa inajitafutia sauti yake: Uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alifundisha kwa miaka mingi na kufikia cheo cha profesa, sanaa za maonyesho zilikuwa zinajengwa upya kwa swali moja kubwa: Je, tamthilia ya Mtanzania ifanane na nini? Urithi wa kikoloni ulikuwa jukwaa lenye pazia na maneno ya Kiingereza. Urithi wa nyumbani ulikuwa ngoma, utambaji, jando na unyago, majigambo na vichekesho. Lihamba na wenzake walichagua kuuanzia mjadala wao kwenye urithi huo wa pili.

Mwaka 1980 ilichapishwa tamthilia yake *Hawala ya Fedha*, iliyotokana na kisa cha mwandishi wa Senegal, Ousmane Sembène, kuhusu mtu anayetumiwa fedha na kushindwa kuzichukua kwa sababu ya vikwazo vya maofisini. Uteuzi huo si wa bahati. Sembène mwenyewe alikuwa amekigeuza kisa hicho kuwa filamu mwaka 1968, na kuwafanya wahusika waseme Kiwolofu, ili kiwafikie watu wake ambao wasingekisoma kwa Kifaransa. Lihamba alifanya jambo la aina hiyohiyo kwa njia ya Kiswahili na jukwaa. Mwaka 1982 ikatoka *Harakati za Ukombozi*, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Penina Mlama, na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu kuandika tamthilia moja ya kisiasa kwa pamoja ni tukio ambalo historia ya fasihi yetu haijalipa uzito unaostahili. Mwaka 1992 ikachapishwa *Mkutano wa Pili wa Ndege*, na mwaka huohuo nchi ikarejea katika mfumo wa vyama vingi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 alikuwa mmoja wa wasanii na wahadhiri wa kikundi cha Paukwa. Jina hilo tunalijua sote. Mtambaji anaita, “Paukwa!” na hadhira inajibu, “Pakawa!” Bila jibu hakuna hadithi. Kikundi kilichojiita kwa wito wa mtambaji kilikuwa kinakiri kwamba msanii peke yake hatoshi.

Mwaka 1985 alikamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa tasnifu kuhusu siasa na maonyesho nchini Tanzania tangu Azimio la Arusha hadi mwaka 1984. Hata hivyo, shule yake nyingine ilikuwa kijijini. Mwaka 1982 na 1983, pamoja na Penina Mlama na Eberhard Chambulikasi, alishiriki katika mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, wilayani Kwimba. Utaratibu wao ulikuwa kinyume cha ule uliozoeleka. Wataalamu hawakuja na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni jambo gani linalowasumbua, na moja ya yaliyojitokeza ni wasichana kupata mimba na kuachwa. Vijana walilitia jambo hilo katika ngoma na maigizo yao wenyewe, kisha kijiji kizima kikakaa kulijadili.

Naomba tulitafakari hilo kwa upande wa uigizaji. Msichana wa kijiji anayepanda jukwaani kuigiza msichana aliyepata mimba na kutelekezwa ni mhusika kwa maana zote mbili tulizozitaja. Jambo linamhusu, naye anaigiza. Kwa Lihamba, kazi ya mwigizaji wa uhusika haikuwa mali ya aliyesomea. Ilikuwa uwezo ambao mtu yeyote aliyeonewa anaweza kupewa nafasi ya kuutumia.

5. Mwanamke asiyesema

Sasa niingie katika filamu. Lihamba alishiriki katika *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, filamu fupi ya Nangayoma Ng’oge na Ron Mulvihill inayoangalia uganga wa jadi na uganga wa hospitali. Baadaye akaigiza katika *Maangamizi*, filamu ndefu iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo mwaka 2001 ilikuwa filamu ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni.

Kisa chake kinawahusu wanawake watatu. Daktari Asira, Mmarekani mwenye asili ya Afrika anayeigizwa na BarbaraO, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Tanzania. Huko anakutana na mgonjwa aitwaye Samehe, ambaye kwa miaka mingi amekaa bila kusema. Kati yao yupo Maangamizi, mhenga wa kale, anayeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Amandina Lihamba ndiye Samehe.

Wauguzi wa hospitali ya hapa Nyakahanga mlio katika ukumbi huu mnamjua Samehe kuliko wahakiki. Ni mgonjwa ambaye faili lake ni nene na maneno yake ni machache. Kila anayemhudumia huulizwa, “Anaumwa nini?” naye hana la kujibu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni jambo lililotendeka zamani na likakosa msikilizaji.

Mwigizaji anayepewa mhusika wa namna hiyo amenyang’anywa kile ambacho sisi tunakiita fasihi. Hana mazungumzo ya kunukuu, hana methali, hana tashbiha. Aliyenyang’anywa hapa ni mwandishi wa tamthilia za Kiswahili, profesa aliyetumia maisha yake kutafuta namna ya kuwafanya watu waseme. Nadhani ndiyo sababu jukumu lile linafaa kutazamwa kwa karibu. Ni mtu anayejua thamani ya neno tu awezaye kuonyesha uzito wa kutokuwa nalo. Kimya cha asiye na la kusema ni chepesi. Kimya cha aliyezuiwa kusema hukaa mabegani, na mwigizaji mzuri hukionyesha pale pale mabegani.

Je, kimya hicho ni sehemu ya fasihi ya Kiswahili? Swali hili si la mzaha. Wanafunzi wetu hufanya mtihani wa tamthilia kwa kueleza dhamira, maudhui, wahusika na matumizi ya lugha, na yote hayo huyatoa katika kurasa. Jibu langu ni ndiyo. Kiswahili kina msamiati mzima wa kutosema: kunyamaza, kukaa kimya, kumeza maneno, kufa na tai shingoni. Kina pia methali zinazokisifu kimya na zinazokitilia shaka. Lugha yenye hekima nyingi kiasi hicho juu ya kimya haiwezi kudai kwamba mwigizaji anayenyamaza ametoka nje ya mipaka yake.

6. Kitenzi kipi kitangulie?

Niyatazame sasa majina mawili niliyoyaweka katika kichwa cha mhadhara huu. *Samehe* ni kitenzi katika hali ya kuamuru, nafsi ya pili umoja. Mtu mmoja anaambiwa: wewe, samehe. Aliyekosewa ndiye anayepewa kazi. *Tuseme* ni dhamira tegemezi, nafsi ya kwanza wingi. Haimwamuru mtu, inawaalika wengi, na msemaji mwenyewe yumo miongoni mwao.

TUSEME ndilo jina la mradi ambao Lihamba na Penina Mlama waliuanzisha mwaka 1996 kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Mbinu yake ni ile ya Malya iliyopelekwa shuleni. Wasichana hukutana na kuyataja yanayowazuia kusoma: unyanyasaji wa kijinsia, kazi za nyumbani zisizokwisha, mimba, walimu na wazazi wasiosikiliza. Huyachambua, huyatungia igizo lenye ngoma na mazungumzo, huyaonyesha mbele ya shule na jamii, kisha huunda klabu ya kufuatilia kama kuna lililobadilika. Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika, lenye makao yake Nairobi, liliuchukua mradi huo na kuueneza katika nchi nyingi za bara hili, zikiwamo zinazotumia Kifaransa. Jina halikutafsiriwa. Msichana asiyejua Kiswahili hata kidogo amejiunga na klabu iitwayo Tuseme. Tunapohesabu mafanikio ya Kiswahili barani Afrika, tuutaje pia ushindi huu mdogo: kitenzi kimoja kilichovuka mipaka kikiwa midomoni mwa wasichana.

Hapa ndipo ninapotaka kuweka hoja yangu kuu. Katika jamii zetu, na hapa Karagwe sijitoi, mwanamke aliyekosewa huambiwa neno la kwanza kabla ya la pili. Wazee hukaa, hutoa ushauri, na ushauri ni: samehe, mambo ya ndani yabaki ndani. Lakini mtu ambaye hajasema hajasamehe. Amenyamaza tu, na sisi tumeuita unyamavu wake msamaha kwa sababu unatupa usingizi. Nikizitazama pamoja, kazi hizi mbili zinaniambia kwamba mpangilio wetu wa vitenzi una kasoro. Mwigizaji aliyembeba Samehe katika mwili wake ndiye yuleyule mwalimu aliyewafundisha wasichana kuanza na Tuseme. Kwanza tuseme. Kama kutakuwa na kusamehe, kuje baadaye, na kuje kwa hiari ya aliyekosewa.

7. Hitimisho

Mabibi na mabwana, mhadhara wa hadhara usioacha kazi ya kufanya ni hotuba ya arusi. Naomba niache kazi tatu.

Kwanza, kwa wanataaluma wenzangu: tuuingize uigizaji katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi anayesoma *Hawala ya Fedha* aulizwe pia jinsi mhusika atakavyosimama, atanyamaza wapi na kwa muda gani. Kimya kina sarufi yake, na sarufi ni kazi yetu.

Pili, kwa wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa: nendeni na simu zenu jikoni kwa mama, shangazi na bibi zenu. Ombeni ruhusa kwanza, kisha rekodini hadithi, kwa Kinyambo kama zilivyo, pamoja na kikohozi, moto na vicheko. Mwaka 2007 Lihamba, pamoja na Mulokozi, Saïda Yahya-Othman, Naomi Shitemi na Fulata Moyo, walihariri juzuu la maandishi na masimulizi ya wanawake wa eneo hili la Afrika, *Women Writing Africa: The Eastern Region*. Juzuu hilo limeonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Vilevile limeonyesha jinsi ilivyo kubwa kuliko kitabu kimoja.

Tatu, kwa walimu: darasani mwenu yupo msichana anayejua jibu na hainui mkono. Anavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, au amebeba jambo ambalo si la lugha kabisa. Msimwambie aseme kwa sauti kubwa. Mpeni mhusika wa kumwigiza. Mara nyingi mtu husema yake kwa mara ya kwanza akiwa amevaa jina la mwingine.

Nilisema kwamba kimya cha shangazi yangu kitaondoka pamoja nami. Labda sikusema kweli kamili. Watoto tuliokuwa pale tulijibu kwa niaba ya mke mdogo, kila mmoja kwa namna yake, na yeye alitusubiri hadi wa mwisho amalize ndipo akaendelea. Miaka mingi baadaye, nilipozisoma habari za Malya na Tuseme, niliitambua mbinu hiyo. Mwigizaji alikuwa amenyamaza ili sisi tuseme.